Mkono wa Fundi wa Baridi

Fundi wa Baridi hakupenda baridi hata kidogo. Mtu aliyejua kugandisha chumba kizima cha samaki alivaa triko, sweta ya sufu, hata mwezi wa kumi, jua linapokaanga vichwa vya watu. Ukimpa maji ya friji, aliyaweka kwanza juani, akayangoja yapoe ubaya wake, kama alivyosema, ndipo akanywa. Kwake nyumbani hakukuwa na friji. Tulipomcheka alijibu, "Mi nafanya kazi na baridi siku yote. Mangaribi tena niilete ku nyumba? Apana, aksanti."

Hivyo ndivyo mji wote wa Kamina ulivyomwita: Fundi wa Baridi. Jina lake la ubatizo nalijua, na jina alilorithi kwa babu yake nalijua pia, ila sitaliandika hapa. Mimi ndiye niliyelichafua, na sina haki ya kulitembeza tena mbele za watu.

Nilikuwa sekretere wa Nyumba ya Baridi, lile jengo kubwa lenye kuta nene karibu na gare ya treni. Binti wa mwalimu, mkristo wa Metodisti tangu tumboni, mwenye mwandiko mzuri: ndivyo walivyonisifu waliponipa kazi. Ndani ya jengo mlikuwa na mashine mbili za kutengeneza baridi, kila moja ndefu kuliko gari la askari. Zilikuwa zimelala miaka tisa. Manyigu walikuwa wamejenga ndani ya mabomba, na mafuta yaliyobaki tumboni mwake yalikuwa meusi na mazito. Patron mmoja, tajiri kutoka Lubumbashi, alinunua jengo lile akitaka kuweka samaki wa Malemba-Nkulu na nyama ya Kaniama. Alidhani kuwasha mashine ni kubonyeza tu.

"Fundi, siku ngapi?" akauliza siku ya kwanza.

"Patron, weye ukilala myaka kenda, bakulamushe na teke, utasimama?"

"Hapana."

"Basi na yee vilevile."

Patron alicheka kwa adabu tu. Hakuzoea kujibiwa hivyo na mtu mwenye suruali iliyofungwa kwa waya.

Lugha zake zilikuwa na zamu. Kifaransa aliwapa wakubwa, kifupi, maneno matatu ya kutosha. Kiswahili ni chetu sisi wa kila siku. Kiluba kilikuwa cha mashine. Alipokuwa akizungusha mhimili wa mashine kwa mkono, kwa fimbo ndefu ya chuma, robo ya mzunguko leo na robo kesho, alizungumza nayo kwa sauti ya chini, na chuma kikigonga ndani alikijibu kwa heshima, "Eyo vidye," kama anavyojibiwa mkubwa wa ukoo. Siku moja nilicheka. Alinifukuza mpaka mchana.

Kwa maana uvumilivu wake wote ulikuwa wa mashine. Watu hawakupata hata kijiko. Alimrushia sentineli, mlinzi wetu, ufunguo wa bolti kwa sababu aliegemea bomba. Alimwambia patron, mbele ya wageni wake, avue viatu au atoke. Mimi mwenyewe aliniita mjinga mara nyingi kiasi kwamba siku asiponiita nilimuuliza kama anaumwa. Lakini ni yeye, na si mwingine, aliyenitoa nyuma ya meza yangu.

"Mama sekretere, kuya hapa. Weka mukono."

Niliweka mkono juu ya tumbo la mashine, pale chini mafuta yanapokaa.

"Unasikia nini?"

"Sisikie kintu, papa."

"Bado. Weka tena."

Wanaume wa pale waliniuliza kama ninataka kuvaa suruali sasa. Yeye hakuwasikiliza. Alinifundisha kupaka povu la sabuni kwenye maungio kutafuta mahali pa kuvuja, na kukausha waya za mota kwa taa kali kabla ya kuzipa umeme. Mikono yake ilikuwa migumu, imejaa makovu, lakini kwa kugusa tu angekuambia mafuta yako kwenye joto gani, na kipimo kikiletwa kilimkubalia. Kama kipimo kilikataa, walibadilisha kipimo. Watu walikuja kutoka Base, kambi kubwa ya jeshi, maaskari wenye madaraka makubwa, kumwona akifanya hivyo, na yeye alijifanya hajui wanaangalia nini. Alijua vizuri sana. Kwa mkono ule alikuwa na majivuno kama kijana mwenye baiskeli mpya.

Kanisani hakuingia. Hata hivyo siku ya dimanche, yaani Jumapili, hakuwasha mashine yoyote, na ukimuuliza sababu alikasirika. Mimi nilikuwa mwimbaji wa mbele katika kwaya yetu, na kila jumamosi alinitania: "Kesho nenda umwimbie Mungu kabisa, mama. Umwambie na minyi niko." Mke wake, mama mmoja mrefu mwenye maneno machache, alinipa maji kila nilipopita kwao nikitoka ibadani. Alinitolea kiti, akanipa kikombe kwa mikono miwili, akaniuliza habari za wazazi.

Sasa nieleze sharti lake moja, kwa sababu bila hilo hamtanielewa.

Mashine ya baridi ikilala muda mrefu, gesi yake inajificha ndani ya mafuta. Ukiiwasha hivyo, mafuta yanachemka kuwa povu, kama fanta iliyotikiswa, pampu inakosa kitu cha kuvuta, na chuma kinasagana na chuma. Kwa hiyo chini ya tumbo kuna vipashio vidogo vya umeme. Vinawashwa kwanza, mafuta yanapata moto, gesi inatoka polepole. Fundi alitaka masaa ishirini na manne kamili bila umeme kukatika. Ukikatika hata kidogo, anakagua kila kipashio kwa mkono, halafu anaanza kuhesabu upya toka sifuri. Hakuna kubishana.

Na huku kwetu umeme, kuran kama tunavyosema, unakatika. Basi alikuwa amefunga ukutani saa kuukuu ya umeme, kwenye laini moja na mashine. Kuran ikikatika, saa inasimama. Ikirudi, saa inaendelea ikiwa imechelewa. Asubuhi analinganisha saa ya ukutani na ya mkononi mwake. Zikilingana, kuran haikukatika. Zikiachana, tunarudi mwanzo. Mimi niliandika matokeo katika kaye, daftari la mashine. Alisema saa ile ndiyo mfanyakazi peke yake pale ndani asiyemdanganya.

Mashine ya kwanza aliiamsha bila wageni. Kuran ilikatika mara tano, na mara tano alianza upya, patron akizunguka uani akipiga simu. Siku ya sita ilinguruma, ikatulia, na kesho yake kulikuwa na barafu. Wake wa maaskari walitoka Base na ndoo, mmoja wa Équateur, mmoja wa Kasaï, wengine sijui wapi, wakishika vipande vya barafu na kupiga kelele kwa lugha zote za Congo. Walikuwa na mpango: samaki wabichi kutoka mtoni, wapoe hapa, wauzwe kambini, wasile tena samaki wakavu mwaka mzima. Lakini chumba kile kikubwa cha samaki kilihitaji mashine zote mbili. Fundi aliwaangalia wale mama, mikono ndani ya mikono ya triko, akatabasamu mpaka akaona nimemwona.

Mashine ya pili patron aliitangaza. Wakubwa wa jimbo watakuja siku ya kwanza ya juma, Jumatatu, saa nne asubuhi, na fanfare, bendi ya tarumbeta ya shule, na hema. Fundi aliwasha vipashio jumamosi mangaribi. Usiku ule akaletewa habari kwamba shemeji yake amefariki Kaniama. Dimanche alfajiri alipanda pikipiki kwenda kuzika, akiahidi kurudi kesho yake kabla ya wageni.

"Mama sekretere," aliniambia, "dimanche hii usiende ku kanisa. Kaa na mashine mpaka sentineli akuye mangaribi. Unasikia?"

"Nimesikia, papa."

Nilisikia. Lakini siku ile kanisani kulikuwa na wageni kutoka mbali, na mimi ndiye niliyepaswa kuimba peke yangu. Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki tatu. Nikajiambia, ni masaa mawili tu, kuran iko sawa tangu jana, nani atajua. Nikafunga mlango nikaenda. Niliimba vizuri kuliko siku zote. Watu walisimama, na ibada ikaendelea mpaka mchana.

Niliporudi, taa nyekundu ya mashine, ile ya kuonyesha kuran ipo, ilikuwa inawaka. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imechelewa masaa mawili na nusu.

Nilikaa chini. Nilijua sharti. Nilipaswa kumpigia simu Kaniama, na yeye angesema kagua, anza upya, mwambie patron wageni wangoje. Na patron angeuliza: ulikuwa wapi kuran ilipokatika? Na Fundi angejua nilikuwa wapi. Nilimwona akilini akiniangalia, yeye aliyenitoa nyuma ya meza.

Nikavuta kiti, nikapanda, nikasogeza mishale ya saa mpaka ikalingana na ya mkononi mwangu. Bado nilikuwa nimevaa nguo nyeupe za kwaya. Kisha nikashuka nikaandika katika kaye, kwa mwandiko ule mzuri: Kuran haikukatika.

Kesho yake Fundi alifika wakati fanfare imeshaanza. Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi zile za mpepo mkali, na alikuwa amepanda pikipiki tangu alfajiri. Vumbi jekundu lilikuwa mpaka kwenye kope zake. Hakusalimu wakubwa. Alitazama saa ya ukutani, akatazama ya mkononi. Akatazama taa nyekundu. Halafu akaweka mkono juu ya tumbo la mashine.

Aliuacha pale. Akautoa, akapuliza viganja vyote viwili, akavisugua kwenye suruali, akauweka tena.

"Mama sekretere."

"Papa."

"Minyi nasikia iko baridi."

Bado kulikuwa na nafasi. Wakubwa walikuwa wanakunywa soda. Ningesema neno moja tu.

"Mulitoka mu mpepo na pikipiki, papa," nikamwambia. "Mikono yenu njo imeganda."

"Kuran haikukatika?"

"Haikukatika."

"Ata kidogo?"

"Ata kidogo, papa."

Alinitazama, akatazama saa, akatazama mkono wake mwenyewe. "Basi mukono njo inanidanganya," akasema, akawasha.

Mashine ililia kwa muda mfupi vizuri. Kisha ikapiga kelele kama mabati yanayoanguka kutoka darini, na Fundi aliizima kabla hata hatujaziba masikio, lakini ilikuwa imechelewa. Povu la mafuta lilichuruzika sakafuni. Mhimili ulikuwa umekwama, na haukuzunguka tena.

Patron alilia kwa hasira mbele ya watu wote. "Mukono ya huyu muzee ilikufa! Ilikufa, na bote munaninyamazia!" Fundi alinigeukia mimi. Aliomba kaye. Alisoma mstari wangu kwa kidole, akaifunga, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Uliandika muzuri, mama," akasema. "Haiko kosa yako."

Alasiri, jengo lilipokuwa tupu, nilifungua sanduku la umeme. Fyuzi ya vipashio ilikuwa imeungua. Kuran iliporudi dimanche ilirudi kwa nguvu ikaichoma. Taa na saa vilibaki, lakini chini ya tumbo hakukuwa na moto tangu nilipokuwa nikiimba. Kama ningesema saa imechelewa, angekagua vipashio, angeiona. Nikaichomoa fyuzi, nikaitupa chooni.

Na wale wakubwa tuliowaogopa? Ndege yao ilikuwa na kasoro kule Base. Walilala Kamina mpaka siku ya tatu, wakicheza karata. Wangengoja. Wangengoja bila hata kulalamika.

Nyumba ya Baridi ilifungwa baada ya miezi michache, kwa maana mashine moja haikuweza chumba cha samaki. Wale mama wa Base walirudi kwenye samaki wakavu. Maneno ya patron yalienea mjini, na seremala jirani yake Fundi aliyageuza kuwa mzaha wa kila siku: "Mukono ilikufa, papa? Ilizikwa wapi?" Yeye alicheka pamoja nao. Lakini hakushika tena mashine. Dispensari moja ilimwomba atengeneze friji ya chanjo, akakataa. "Mukono yangu ilikufa," aliwaambia, si kwa mzaha. Alianza kugonga mabati na kutengeneza mbabula, majiko ya makaa, akiwauzia wake wa maaskari. Fundi wa Baridi anauza moto, walisema watu, wakacheka tena.

Nami nilipita kwao kila dimanche. Nilisalimia. Mke wake alinitolea kiti, akanipa maji kwa mikono miwili, nami niliyanywa. Miaka saba. Sijui ni koo la namna gani nililonalo.

Mwezi uliopita jengo lilipata mwenyewe mwingine. Walikuja mafundi vijana wawili na kompyuta zao, wakaangalia ile mashine ya kwanza, iliyolala tena miaka saba, wakakuta vali zina alama za patasi, za kuonyesha zifunguliwe kiasi gani, ambazo hazimo katika kitabu chochote. Wakauliza nani aliziweka. Mwenyewe mpya alinituma mimi, kwa sababu eti ninajuana naye.

Nilimkuta uani akigonga bati. Amezeeka, mgongo umepinda, triko ni ile ile au mdogo wake. Nilikaa kwenye kiti nilichopewa, nikatoa ujumbe.

"Apana, mama," akasema bila kuacha kugonga. "Ile siku nilishika mashine, mukono ikaniambia iko baridi. Saa inasema iko moto, kaye inasema iko moto, weye unasema iko moto. Minyi peke nasikia baridi. Muntu wa vile si fundi tena. Nitaua muntu."

"Papa, ilikuwa baridi."

Nyundo ilisimama.

Nilimwambia. Kwaya, saa, kiti, mishale, fyuzi, choo. Sikulia, nilifikiri ningelia. Nilingoja anirushie nyundo, na ningeshukuru.

"Ilikatika masaa ngapi?" akauliza.

"Mawili na nusu. Wakati niko ku kanisa."

"Na fyuzi iliungua."

"Iliungua, papa."

"Basi ilikuwa baridi."

"Ilikuwa baridi kabisa."

"Minyi nilisema iko baridi."

"Mulisema, papa. Muliweka mukono mara mbili."

Aliinuka. Akageukia jikoni akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama! Acha ile bukari! Kuya!" Mke wake alitoka na unga wa ugali mikononi. "Sekretere iko na neno. Sema, mama. Rudilia."

Nikarudilia. Mke wake alisikiliza mpaka mwisho, akipangusa unga kidole kwa kidole.

"Myaka saba," akasema, "unakunywa mayi yangu."

"Nisamehe, mama."

"Simama."

Nikasimama. Akachukua kiti, akakiingiza nyumbani, akafunga mlango.

Mzee hakuona. Alikuwa ameshafika kwenye uzio, anamwita seremala, anawaita wanawe waliokuwa kwa jirani, anamwita hata mama mmoja wa askari aliyepita na mbabula kichwani. "Bakuye! Bakuye basikie! Mukono yangu haikukufa!" Machozi yalikuwa yanamtiririka na anacheka, na hakuwa amenitukana hata neno moja.

"Papa," nikamwambia kwa sauti ndogo, "na ile mashine? Niwaambie nini?"

"Bangoye. Kesho nitakuya." Alinishika mkono, akanivuta mbele ya watu, kwa upole, kama mtu anayemtambulisha mgeni wake. "Leo bote basikie kwanza. Rudilia, mama, toka mwanzo. Na ile ya kanisa, usiiruke."

Seremala alikuwa amevua kofia. Nikaanza tena, na ile ya kanisa sikuiruka.